Waliofia Kwenye Kompyuta

Inspekta Mwanahamisi Komora alikuwa na siku mbili na nusu tu, na asubuhi nzima ya Jumatano ilikuwa imeliwa na Cynthia akitafuta ufunguo wa kabati la mafaili.

"Ulikuwa kwa mkoba wangu, afande," alisema Cynthia, karani wa sajili ya kliniki, akiuonyesha bila haya. "Tangu daktari asimamishwe, akili yangu iko tu mbali."

Mwanahamisi aliupokea. Alikuwa Mpokomo wa Kinakomba, mwembamba, miwani yake ya kusomea imefungwa uzi shingoni, na kituoni Garsen alijulikana kwa jambo moja: akipewa faili huisoma kutoka nyuma kuja mbele. Aliamini watu hudanganya zaidi kwenye ukurasa wa kwanza, kabla hawajachoka.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kliniki ile ndogo nje ya Garsen ilihudumia watoto mia mbili na kumi na wawili wenye ugonjwa wa selimundu, wale ambao chembe nyekundu za damu yao hujikunja na kuziba mishipa hadi mtoto akalia kwa maumivu ya mifupa. Kila mmoja aliandikwa kwenye sajili: jina, kijiji, damu yake, dozi yake, siku aliyokuja. Watafiti Nairobi waliisoma sajili hiyo ili wajue ni wangapi wanaishi, ni wangapi wanakufa, na kama dawa ya haidroksiyurea, ambayo huku kila mtu aliiita haidroksi, inawafaa watoto wa delta ya mto Tana. Mwezi uliopita waliona kitu cha ajabu. Watoto kumi na tisa walikuwa wameacha kuja, na mwaka ulipopita bila habari zao, kompyuta iliwahesabu kuwa wamefariki. Katika muda huo huo watoto wengine kumi na saba, wa umri unaokaribiana na wale, walikuwa wamejitokeza wakiwa hawana historia katika hospitali yoyote, wakaanza kupewa haidroksi.

Nairobi wakasema hao ni wagonjwa hewa. Josiah Buya, afisa tabibu wa kliniki, kafiwa na watoto kumi na tisa akanyamaza, halafu kabuni kumi na saba ili achote dawa aiuze nje. Akasimamishwa kazi. Kabati la dawa likapigwa lakiri ya polisi liwe kielelezo, na Nairobi wakaapa kwamba hawataleta kapsuli nyingine mpaka kesi iishe. Josiah angesomewa mashtaka Ijumaa mchana. Na Ijumaa hiyo hiyo ndiyo dawa ya mwezi waliyopewa wazazi ilikuwa inakwisha majumbani. Habari hiyo ya pili haikuwa kwenye hati ya mashtaka, ndiyo maana Mwanahamisi aliiandika mwenyewe juu ya jalada, kwa kalamu nyekundu.

Simu ikalia. Ilikuwa bosi wake, Godana.

"Wewe bado soma karatasi?" aliuliza Godana. "Mama, hiyo kesi imeisha. Mtu ameulizwa hao kumi na tisa wako wapi, amesema hana neno. Ameulizwa hao kumi na saba wametoka wapi, amesema hana neno. Mtu hana makosa, atanyamaza kwa nini?"

"Ndilo swali langu pia, bosi."

"Basi jibu kabla ya Ijumaa."

Alizitandaza orodha mbili mezani: waliopotea kushoto, waliojitokeza kulia. Akaanza na ukurasa wa mwisho. Mbele ya kila jina la kulia palikuwa na dozi ya siku ya kwanza, nayo ilikuwa imepigiwa mstari na watu wa Nairobi kama ushahidi.

"Cynthia, mtoto mgeni huanza na kapsuli ngapi?"

"Moja. Mara nyingine moja siku hii, siku ile hapana. Anapimwa damu kila mwezi ndio anapandishwa polepole. Ukimpandisha haraka damu yake inaanguka."

"Hawa walianza na mbili."

"Wote kumi na saba," alisema Cynthia kwa sauti ya chini. "Ndio Nairobi wakasema hakuna mtoto hapo. Ati daktari hawezi kuogopa kudhuru mtu hayuko."

Mwanahamisi alishuka safu nyingine. Mahali pa jina la mama palikuwa pameandikwa Mama Fulani, Mama Fulani, mpaka chini.

"Mbona jina la mama ni jina la mtoto?"

"Afande, si ndivyo wanaitwa? Nikisimama hapo mlangoni niite Jumwa, wanawake wanne watainuka. Nikiita kwa jina la mtoto, anakuja mmoja."

"Na simu?"

"Simu ni ya jirani, ya shemeji, ya mwenye duka. Wale waliopotea niliwapigia wote. Nikitaja tu mtoto, mama anakata. Nilijua wamefiwa. Sikutaka kuwasumbua."

"Ni nani aliyekwambia wamefiwa?"

Cynthia alipekua karatasi zake kana kwamba jibu limo humo. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Mwanahamisi hakumkemea, lakini jambo hilo alilipa mstari wake kwenye daftari.

Chumba cha maabara kilikuwa ng'ambo ya ua. Mwenye chumba aliitwa Rayyan, mtu wa Kipini, mwenye sauti ya taratibu ambayo kesi isingeweza kuiharakisha. Mwanahamisi alimwomba majibu ya damu ya wale kumi na saba, ya siku ile ya kwanza kabisa, kabla hawajameza hata kapsuli moja ya kliniki. Rayyan aliyatazama, akayarudia, akavuta kiti.

"Sikiza, dada. Hawa si wageni wa dawa hii."

"Unajuaje?"

"Haidroksi huzinenepesha seli nyekundu. Mtoto asiyeinywa, mashine hii itakupa sabini na kitu, themanini. Huyu hapa mia na mbili. Huyu tisini na tisa. Mtoto yuwanywa dawa mwaka mzima ndipo afike hapa. Ukosefu wa foliki, ile vitamini ya damu, nao huzikuza, lakini watoto kumi na saba kwa mpigo?" Alitikisa kichwa. "Hapana."

"Kwa hiyo ama walikuwa wakipata dawa kwingine..."

"Kwingine wapi? Ukitoka hapa, kliniki ya karibu yenye dawa hii ni Malindi, na huko huandikwa."

"...ama damu hii si yao."

Hapo ndipo Godana angepiga meza kwa furaha. Josiah anachukua damu ya mgonjwa wa zamani, anabandika jina la mtoto asiyekuwepo, anaipeleka maabara. Dhana hiyo ilikaa vizuri mno, na Mwanahamisi hakuipenda kwa sababu hiyo. Mtu mwerevu wa kughushi damu hawezi kuwa mjinga wa kuandika kapsuli mbili siku ya kwanza.

Mchana alikuwa Tarasaa. Kwenye jalada palikuwa na kielelezo kingine kilichotajwa kwa mbwembwe: kopo la haidroksi lililokamatwa dukani kwa mtu aitwaye Kotile. Mwanahamisi alilitoa kopo mfukoni, akasoma nambari ya toleo iliyopigwa chini yake, kisha akaipitia orodha ya shehena zote zilizowahi kupokewa kliniki tangu ifunguliwe. Nambari ile haikuwemo hata mara moja.

"Niliwaambia wale vijana wako," alisema Kotile akiwa ameegemea kaunta yake, amenuna. "Nimeinunua Mombasa kwa mtoto wa dada yangu, anakaa huko. Walitaka kopo, hawakutaka maneno. Sasa dada yangu haongei na mimi."

"Utarudishiwa."

"Na dada?"

"Huyo mtafute mwenyewe."

Kielelezo kimoja kikawa kimekufa. Akauliza njia ya kwa Mama Mapenzi, wa tatu kwenye orodha ya kulia.

Alimkuta akipukuchua mahindi nje ya nyumba. Alikuwa mwanamke wa Kigiriama wa miaka kama thelathini, jina lake Jumwa, na kando yake alikaa mvulana wa miaka sita mwenye macho ya manjano kidogo. Mgonjwa hewa huyo alikuwa akila hindi bichi. Mwanahamisi alisalimia, akapewa kigoda, akaomba kuona kadi ya kliniki. Kadi ikaletwa. Mtoto mwenyewe akaeleza, bila kuulizwa, kwamba anameza mbili kila asubuhi na kwamba zimebaki nne.

"Nne ni siku mbili," alisema Jumwa. "Afande, nikija Ijumaa nitapata?"

"Ndiyo kazi niliyonayo, mama."

"Usinijibu hivyo. Huyu nilishambeba mgongoni mpaka hospitali, hawezi hata kuguswa mguu. Tangu ashike hiyo dawa vizuri, mwaka huu hajalazwa hata siku moja. Nitapata au sipati?"

"Sijui bado."

Jumwa alishukuru kwa kuambiwa ukweli, akarudi kwenye mahindi yake. Basi watoto wale hawakuwa hewa, huyu angalau. Lakini Godana angesema Josiah amewaazima watoto wa watu. Mwanahamisi aligeuza karatasi kwenye orodha ya kushoto.

"Kuna mtoto mwingine wa hapa hapa, alikuwa mgonjwa wa kliniki mpaka mwaka juzi, hajaonekana tena," alisema, akalitaja jina. Mimi ninayesimulia sitaliandika. Mtaelewa mbele kidogo kwa nini.

Jumwa aliacha hindi likaanguka. Alimvuta mtoto kwa nguvu, akamziba masikio kwa viganja vyake viwili.

"Hilo jina usilitaje hapa."

"Ni mtoto wako?"

"Nimesema usilitaje."

"Amefariki?"

Jumwa alitema mate pembeni. "Umeona matanga hapa, afande? Uliza majirani kama wamewahi kulia hapa."

Mwanahamisi aliomba radhi, kwa dhati kabisa. Alikuwa akitazama mikono ile iliyoziba masikio. Kwenye dole gumba la kushoto palikuwa na kovu la zamani la panga, limelikata dole mshazari kutoka ukucha hadi chini. Na alikuwa akijiuliza jambo dogo. Mama humkinga mtoto asisikie jina la marehemu ndugu yake? La, huwa analia tu. Humziba masikio kwa sababu moja, kwamba jina hilo linamtafuta yeye.

Alirudi kliniki mbio, akamwambia Cynthia alete fomu za ridhaa. Kila mama aliyekubali habari za mwanawe zitumike katika utafiti alibonyeza dole gumba la kushoto kwenye wino wa buluu, awe anajua kuandika au la. Hakuna mtu wa Nairobi aliyekuwa amezitazama. Zilikuwa karatasi za kutimiza sheria tu, zimefungwa kwa mpira na kuwekwa chini kabisa ya kabati.

Fomu ya Mapenzi: dole lenye kovu la mshazari. Fomu ya yule aliyetoweka Tarasaa, iliyowekwa dole miaka mitatu kabla: dole lenye kovu la mshazari, pale pale, kwa urefu ule ule.

"Cynthia, nipe lenzi. Na chai. Na usiniulize kitu mpaka nikuite."

Miaka kumi nyuma Mwanahamisi alipelekwa kozi ya alama za vidole, akarudi na cheti ambacho Garsen haikukihitaji kwa lolote, maana wezi wa ng'ombe hawaachi vidole kwenye ng'ombe. Jumatano ile jioni na Alhamisi yote asubuhi alikitumia. Kwanza alizigawa alama kwa umbo: zenye kitanzi, zenye duara, zenye tao. Vitanzi akavigawa tena, vinavyoelekea kulia na vinavyoelekea kushoto. Kisha akaanza kulinganisha mbili mbili, akihesabu mahali mistari inapokatika na inapogawanyika, na hakukubali jozi yoyote isiyofikisha alama kumi na mbili. Fomu tatu zilikuwa zimebonyezwa vibaya, akazirudia mara nne. Akifika kwenye jozi iliyokamilika aliyafunika majina yote mawili kwa kipande cha plasta ya hospitali, akaandika nambari ya sajili peke yake.

Saa saba mchana alikuwa na jozi kumi na saba. Kati ya wale kumi na tisa wa kushoto, walibaki wawili tu wasiokuwa na wenzao. Alivua miwani, akacheka peke yake chumbani, kicheko cha mtu aliyeshinda karata.

Josiah Buya aliripoti kituoni saa tisa, kama dhamana yake ilivyomtaka. Alikuwa Mpokomo mwenzake, mtu mzima wa kanisa, shati limepigwa pasi hata katika aibu.

"Kaa, daktari. Leo sitakuuliza jina hata moja," alisema Mwanahamisi. "Nakuuliza dozi. Mtoto anakuja mara ya kwanza, unampa kapsuli mbili. Kwa nini?"

Josiah alinyoosha mkunjo wa shati lake, na Mwanahamisi akajijibu.

"Kwa sababu ndiyo dozi aliyokuwa akimeza jana yake. Ungemshusha hadi moja maumivu yangemrudia. Ulikuwa tayari uonekane mzembe kwenye karatasi, mtoto asiteseke. Nimekosea?"

"Umeongea na akina mama?"

"Mama mmoja amenitemea mate karibu na kiatu. Wengine nimeongea na vidole vyao."

Alimwonyesha jozi moja, plasta juu ya majina. Josiah aliitazama kwa muda mrefu, na macho yake yakalowa.

"Mtoto anashikwa na maumivu mara tatu, mara nne, analazwa," alianza. "Wazee nyumbani wanasema jina alilopewa limemkataa. Mwenyewe wa jina, babu au nyanya aliyekufa, hamtaki. Anapewa jina jipya, na la zamani halitajwi tena mbele yake, kulitaja ni kuuita ugonjwa urudi. Mama naye anabadilika jina pamoja na mtoto, maana anaitwa kwa mtoto. Wa kwanza alinijia akaniuliza, daktari, tukija utamwita kwa lile? Nikamwambia la. Akawaambia wenzake."

"Ungebadilisha jina kwenye sajili, nambari ibaki."

"Nilijaribu. Kompyuta ile hailisahau jina la kwanza, inaliandika pembeni. Na Cynthia huita wagonjwa kwa sauti, anasoma kila kilichoko kwenye karatasi. Mama wa kwanza aliinuka akaondoka na mtoto, nikamfuata mpaka barabarani. Nikafungua faili mpya. Kwake, halafu kwa wote."

"Na polisi walipokuuliza?"

"Ningesema, mngewaita mahakamani. Wangeapishwa, wangeulizwa jina mbele ya watu. Hakuna hata mmoja angenirudia, na bila dawa hao watoto nawajua watakavyokuwa. Nikaona heri nifungwe mimi." Alifuta uso. "Nilidhani mngefungua kabati baada ya kunichukua. Sikujua mngelipiga lakiri."

"Umenipotezea wiki tatu, daktari."

"Najua."

"Na wale wawili waliobaki?"

"Mmoja, wazazi wake walihamia Hola, anatibiwa huko. Mmoja, wa Kilelengwani, yule alifariki kweli. Nilikuwepo."

Mwanahamisi aliandika yote mawili, akasimama. Jua lilikuwa bado juu, na Tarasaa haikuwa mbali.

Ijumaa saa nne asubuhi Josephine alishuka kutoka gari la Nairobi mbele ya kliniki. Ndiye daktari msimamizi wa utafiti, ndiye aliyeandika barua ya kumshtaki Josiah, na hakuwa mwanamke wa kuchezewa. Godana alikuwa amefika kabla yake na kuketi karibu na feni. Mwanahamisi alipanga jozi kumi na saba mezani, akaeleza kuhusu kopo la Kotile, kisha jina linalokataa mtoto, kisha vidole. Josephine alishika lenzi mwenyewe. Alichukua muda.

"Ni vidole vya mama mmoja katika kila jozi, nakubali," alisema mwishowe. "Lakini Inspekta, ugonjwa huu hurithiwa. Mama mmoja anaweza kuwa na watoto wawili wagonjwa. Mkubwa akafa, akamleta mdogo. Kidole ni cha mama, hakinithibitishii mtoto."

Godana alimtazama Mwanahamisi. Hapo ndipo palipokuwa shimo, na Mwanahamisi alikuwa amelizunguka tangu usiku wa Jumatano.

"Mtoto mdogo aliyeletwa mara ya kwanza angekuja na seli za ukubwa gani?"

"Sabini na kitu. Themanini."

"Soma za hawa."

Rayyan akasukuma karatasi yake mezani. Josephine aliisoma mstari kwa mstari, na katikati alianza kusoma polepole zaidi.

"Mia na mbili," alisema. "Siku ya kwanza."

"Seli hizo zililelewa na kabati lenu, daktari. Mtoto aliyezibeba alikuwa amemeza dawa yenu mwaka mzima kabla ya hiyo mnayoiita siku ya kwanza. Ndiyo maana Josiah aliendelea na kapsuli mbili. Mliipigia mstari dozi hiyo kama kosa lake, na ndiyo iliyomwokoa."

Josephine aliiweka karatasi chini. Halafu akasema jambo ambalo Mwanahamisi hakulitarajia.

"Ripoti yangu ilikuwa iende wiki ijayo. Nilikuwa nimeandika kwamba haidroksi haikuwasaidia watoto wa Tana, kwamba wamekufa wengi wakiwa kwenye dawa. Wangefunga kliniki hii, na nyingine mbili ambazo hazijafunguliwa." Alisukuma kiti nyuma. "Nataka kuwaona. Hata mmoja tu."

"Njoo nje," alisema Mwanahamisi.

Jana yake, Mwanahamisi aliporudi Tarasaa kumwomba Jumwa awakusanye wenzake, alijibiwa tu, "Nitaona." Kumbe alikuwa ameona usiku kucha. Uani walikuwa wamejaa: wanawake kumi na saba na watoto wao, wengine wametoka Tarasaa, wengine vijiji vya ng'ambo ya mto, wawili kutoka Kilelengwani waliolala njiani kwa jamaa. Walisimama kwa mstari bila kupangwa na mtu. Jumwa alikuwa mbele, mikono kiunoni.

"Tumeambiwa ni kidole tu," alimwambia Josephine. "Ukiuliza jina la zamani, tunarudi."

"Kidole tu, mama," alisema Josephine, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

Wakabonyeza mmoja mmoja kwenye karatasi nyeupe. Josephine alilinganisha kwa lenzi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Kwa wa tano aliiweka lenzi chini. Alikuwa akiwatazama watoto: mmoja anamsukuma mwenzake, mmoja analalamika kiu, msichana mmoja mrefu amechoka kusubiri, amechuchumaa juani. Watoto hawa alikuwa amewapigia hesabu ya vifo kwa mwezi mzima, alikuwa na michoro yao. Alianza kucheka huku analia na hakujali nani anamwona.

Godana alirudi ndani kwenye kabati la dawa, akatoa kisu chake mfukoni bila kuambiwa. Alikata utepe wa lakiri mara moja, akaukunja, akautia mfukoni.

"Mimi nilisema kesi imeisha," alimwambia Mwanahamisi. "Si nilisema?"

"Ulisema, bosi."

"Sasa andika vizuri. Hakuna jina kwa hiyo ripoti."

"Nambari tu."

Josiah aliitwa kutoka nje ya uzio alikokuwa amesimama na Biblia yake kwapani, akidhani anangojewa na gari la mahakama. Godana alimpa ufunguo. Wanawake hawakushangilia, walimtazama tu akipita katikati yao, na mmoja akamshika mkono. Alifungua kabati, akaanza kuhesabu kapsuli mbili kwa siku, siku thelathini.

Josephine aliweka kompyuta yake kwenye meza ya uani, akamkalisha Cynthia mbele yake. Waliofariki: kumi na tisa, kilisema kioo. Mstari wa yule wa Kilelengwani Josephine alisema usiguswe. Wa Hola, wangepiga simu na kuhakikisha. Waliobaki, alisema, utawarudisha wewe mwenyewe, nambari mbili ziwe moja, na jina ni hili wanalotamka leo. Lile jingine nitalifuta Nairobi kwa mkono wangu, litoke kabisa.

Cynthia aliitazama orodha ambayo vidole vyake ndivyo vilivyoijaza, kisha akainua uso kwa mama wa kwanza. Hakusoma kitu kwenye karatasi.

"Mama, mtoto anaitwa nani?"

Jumwa, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akikata simu, alimsimamisha mwanawe mbele yake na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Mapenzi."

"Yuko hai?"

"Si huyu hapa!"

Cynthia aliandika hai. Jumwa alipokea kopo la dawa, akalitikisa sikioni kuhakikisha limejaa, akamshika mtoto mkono. Nyuma yao mama wa pili alikuwa tayari amejisogeza, amevuta pumzi, anangojea kuulizwa.